Likizo ya bei nafuu na watoto wa chini ya miaka mitano: sehemu tano za kwenda ukitokea Dar

Wazazi wengi wakipanga likizo huanza kwa kuuliza chumba ni shilingi ngapi. Mimi huuliza kwanza safari ni ya saa ngapi, halafu kama kuna jiko. Chumba cha bei poa kinaweza kukugharimu kuliko hoteli ya maana endapo kila mlo unauagiza mezani: sahani nzima ya wali kuku kwa mtoto atakayekula vijiko viwili kisha aombe uji. Ongeza teksi kwa sababu kigari cha mtoto hakipiti kwenye mchanga, ongeza pampasi ulizoishiwa ukazinunua kwa bei ya dukani kijijini, ongeza siku ya kwanza iliyopotea kwa sababu mtoto alitapika njiani na wote mmechoka.

Kwa hiyo sehemu hizi tano nimezipanga kwa saa za njiani, uwezekano wa kupika, kivuli na maji ya kuchezea, na umbali wa kufika hospitali ukihitaji. Mandhari nimeiweka mwisho. Mtoto wa miaka miwili akipewa beseni la maji na kikombe cha plastiki anashinda hapo asubuhi nzima, popote pale ulipompeleka.

Kabla ya yote, tumia nafasi ambayo wenye watoto wa shule hawana. Juni, Julai na Desemba shule zikifungwa, bei hupanda na vyumba vizuri huwahiwa. Wewe ambaye mwanao hajaanza darasa la kwanza unaweza kwenda Septemba, au katikati ya Januari mpaka Februari, tena Jumatatu hadi Alhamisi, na ukapunguziwa bei kwa kuomba tu. Machi hadi Mei vyumba hushuka zaidi, ila hiyo ni masika. Kufungiwa chumba kimoja na watoto wawili mvua ikinyesha siku tatu mfululizo si nafuu ya aina yoyote. Ningechagua Septemba, kabla joto halijaanza.

Ya kwanza: Morogoro, kwa treni ya SGR

Miaka michache iliyopita nisingeiweka Morogoro juu. Kwa basi, ukitoa foleni ya kutoka Ubungo hadi Kibaha, mtoto alikuwa amekwisha kuchoka kabla ya Chalinze. Treni ya umeme ilipoanza kubeba abiria Juni 2024, hesabu ilibadilika. Sasa ni chini ya saa mbili, choo kimo ndani, na mtoto anaweza kushuka mapajani akatembea kati ya viti akarudi. Kwa mzazi, hilo la kutembea lina thamani kuliko kiyoyozi.

Nauli ya daraja la kawaida iliyotangazwa safari zilipoanza ni shilingi 13,000 kutoka Dar hadi Morogoro. Mtoto wa miaka 4 hadi 12 hulipa nusu, na wa chini ya miaka 4 halipi nauli. Baba, mama, mtoto wa miaka 5 na mwingine wa miaka 2 ni 32,500 kwenda, na kiasi hichohicho kurudi. Beba nakala ya cheti cha kuzaliwa ili umri usiwe mjadala, na fika mapema kwa sababu mizigo hukaguliwa. Ukipata ile treni ya haraka yenye pua ndefu ambayo watu wanaiita Mchongoko, nauli iko juu kidogo. Mwanangu mdogo aliganda dirishani paji la uso likiwa limegusa kioo, akawa anaipungia mkono kila nguzo ya umeme tuliyoipita, na hakuuliza simu mpaka Ngerengere.

Ukifika, kumbuka stesheni iko Kihonda, nje kidogo ya mji, kwa hiyo tenga hela ya bajaji. Tafuta nyumba ya kupanga kwa siku au hosteli ya kanisa upande wa chini ya milima ya Uluguru. Hosteli za kanisa hazina mbwembwe, lakini huwa ni safi, zina uwanja wenye miti na geti linalofungwa, na usiku kuna utulivu. Asubuhi nenda Soko Kuu la Chifu Kingalu ununue ndizi, parachichi na mboga zilizoshuka kutoka milimani, urudi upike. Mchana wapeleke kwenye moja ya bustani zilizo mguuni mwa mlima ambako kijito kinapita katikati ya mawe. Maji yake ni ya baridi na sehemu nyingi hayafiki magoti ya mtu mzima. Kaa naye mkono kwa mkono hata hivyo, mawe yana utelezi, na mvua ikinyesha juu mlimani kijito hujaa ghafla hata kama chini kuna jua.

Kulala usiku mbili kunatosha. Habari za kupanda mlima kwenda Morningside ziache mpaka watoto wakue, labda kama una mgongo wa kumbeba na kanga imara.

Ya pili: Bagamoyo

Ni karibu kilomita 70 kutoka katikati ya Dar, lami tupu. Kama huna gari, Coaster za Bagamoyo zinapakia stendi ya Makumbusho. Panda inayoanza kujaa, siyo iliyojaa, upate siti ya mbele ya dirishani. Asiye na uhakika kama mtoto wake anaweza kulala nje ya kitanda chake aanzie hapa, kwa usiku mmoja tu. Likiharibika jambo, ndani ya saa mbili mko nyumbani.

Ufuko wake ni mpana na unateremka taratibu. Maji hayana ule ubuluu wa Zanzibar kwa sababu mto Ruvu unamwaga tope lake kaskazini ya mji, na wageni wengine hulalamika. Mtoto halalamiki. Maji yakipwa asubuhi kuna kaa wadogo weupe wanaokimbia kuingia mashimoni, na hiyo ni burudani ya saa nzima ambayo hailipiwi. Soko la samaki liko palepale ufukoni, ununue changu au kamba, ukaangiwe au upeleke jikoni kwako. Jioni, ukiwa karibu na TaSUBa, chuo cha sanaa, mara nyingi utasikia ngoma za wanafunzi wakifanya mazoezi.

Magofu ya Kaole, ya tangu karne ya 13, yanafaa asubuhi kabla ya saa nne. Kuna mibuyu ya kukaa chini yake. Waelezeni watoto mapema kwamba yale ni makaburi na msikiti, hawapandi juu ya kuta.

Tatizo la Bagamoyo ni mwisho wa wiki. Baa zilizo jirani na gesti hupiga muziki mpaka usiku mkubwa. Nenda katikati ya wiki, au uliza waziwazi: baa ya karibu iko umbali gani?

Ya tatu: Zanzibar, upande wa mashariki

Najua wengi wangeiweka ya kwanza. Kwa watu wazima wawili hata mimi ningeiweka. Kwa watoto wadogo inashushwa na boti na nauli za hapa na pale zinazojumlika: boti kwenda na kurudi, teksi kutoka bandarini, maji ya kunywa ya hotelini. Boti ziendazo kasi huchukua kama saa mbili. Wakati wa kusi, kuanzia Juni mpaka Septemba hivi, bahari huchafuka na mtoto aliyeshiba maziwa atakurudishia yote. Mlishe kitu kikavu, kaeni nyuma na chini ambako boti hairuki sana, na shika mfuko na nguo ya kubadili mkononi, siyo kwenye begi lililopakiwa. Kaskazi, kati ya Desemba na Februari, maji huwa afadhali.

Jambiani na Paje ndiko ningepeleka mtoto, kuliko Nungwi. Nungwi maji hayatoki mbali, watu wazima wanaogelea wakati wowote, na bei yake inalingana na hilo. Mashariki maji yakipwa yanaondoka mpaka karibu na mwamba, yanabaki madimbwi ya vuguvugu yanayofika kifundo cha mguu, na akina mama wanapita kwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Kwa mtoto wa miaka mitatu hilo ndilo bwawa salama kuliko la hoteli. Mvishe viatu vya plastiki, kwa sababu ya shokomzoba, yule mnyama wa baharini mwenye miiba mirefu myeusi. Uliza wenyeji maji yanapwa saa ngapi kabla ya kulipia siku, maana wakati wa bamvua maji hujaa mpaka ukutani mwa nyumba na mchezo unaisha.

Tafuta nyumba yenye jiko iliyo mtaa wa pili kutoka pwani. Tofauti ya bei na iliyo mbele ya maji ni kubwa, na kutembea ni dakika tano. Daladala za Jambiani, namba 309, zitakupeleka kwa hela kidogo, ila ukiwa na mtoto mchanga na mabegi, chukua teksi kwa siku hiyo moja. Wakati wa Ramadhani migahawa mingi haifunguki mchana. Ukiwa na jiko lako mtoto atakula ndani bila shida na bila kuwakwaza majirani.

Ya nne: Lushoto

Hewa yake ni dawa. Mji uko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, watoto wanalala vizuri, na kwenye shamba la Irente kuna mkate, jibini na jemu vya pale pale na nyasi za kukimbilia. Gharama ya kulala na kula ni ndogo kuliko Zanzibar. Naipenda kuliko zote hizi nikienda peke yangu.

Lakini kutoka Dar ni safari ya kutwa, na kilomita 33 za mwisho kutoka Mombo ni kona juu ya kona. Chini ya miaka mitatu, ningesubiri. Ukienda, igawe safari: lala Tanga au Korogwe usiku mmoja, upande mlima asubuhi mtoto akiwa hajashiba sana. Beba sweta na soksi. Juni na Julai usiku ni baridi kweli. Na pale Irente panapotazamwa bonde, mwamba unakatika ghafla. Mtoto anayetembea abebwe muda wote, bila mjadala.

Ya tano: Mikumi

Mtoto wa chini ya miaka 5 halipi kiingilio cha hifadhi, na raia wa Afrika Mashariki analipa kwa shilingi, sehemu ndogo ya anacholipa mgeni. Kinachokula hela ni gari la kuzungukia. Mtoto wa miaka miwili atafurahia tembo wa kwanza, twiga wa pili, kisha atataka kushuka, na kushuka hairuhusiwi. Barabara kuu ya Iringa inakatiza hifadhini, kwa hiyo hata kwa basi la kawaida mnaweza kuona swala na twiga bila kulipa kitu. Kuna mbung'o pia. Wavalishe nguo ndefu za rangi isiyokolea, epuka nyeusi na bluu.

Kabla hujatuma hela ya nyumba

Tulipanga nyumba moja kwa kuangalia picha ya bwawa. Tulipofika bwawa lilikuwa hatua nne kutoka mlango wa chumba cha watoto, halina uzio wala kifuniko. Siku tatu nzima mmoja wetu alisimama mlangoni kama askari. Hatukupumzika hata kidogo.

Tangu siku hiyo naomba video ya WhatsApp, siyo picha. Mwenye nyumba atembee nayo kutoka getini mpaka bafuni. Naangalia ngazi, nafasi kati ya nondo za baraza, nyaya na soketi zilizo chini, kama neti inafika godoro, kama friji inawaka. Nauliza maji yanatoka usiku au kuna tenki, gesi ya jikoni ni juu ya nani, na zahanati inayofanya kazi usiku iko wapi. Jina linalotokea kwenye simu wakati wa kulipa lilingane na la mtu tuliyeongea naye. Lisipolingana, silipi.

Kama mnakwenda na dada wa kazi, kitanda chake na milo yake viwe kwenye bajeti tangu mwanzo, na apate naye asubuhi moja ya kwake.

Mkobani weka kadi ya kliniki, pakiti za ORS, dawa ya homa ambayo mtoto ameshaizoea, unga wa uji wa kutosha siku zote, na kanga tatu. Moja itakuwa shuka, moja kivuli, moja ya kumbeba mgongoni. Tiketi ya kurudi nunua ya asubuhi, wakati bado ana usingizi na hajaanza kuuliza kwa nini mnaondoka.