Uzoefu wangu na shule ya msingi ya umma Eastlands: matokeo, na watoto walio nyuma ya matokeo

Nina mtoto gredi ya tano katika shule ya umma ya kutwa upande wa Embakasi. Jina la shule naliacha, maana karibu yote ninayosema hapa unaweza kuyakagua katika shule yoyote ya umma Nairobi. Naipa nyota tatu na nusu kati ya tano.

Tuanze na matokeo, kwa sababu ndiyo kila mzazi anauliza na ndiyo yanayosomwa vibaya zaidi. KCPE, mtihani wa zamani wa kumaliza darasa la nane, ulifanywa mara ya mwisho 2023. Ukiuliza siku hizi "shule ilipata min ngapi?", yaani wastani wa alama, hupati jibu la maana. KPSEA, tathmini ya kitaifa ya gredi ya sita, haipangi shule kwa nafasi, na mtoto anaingia gredi ya saba hata kama amefanya vibaya. Anapewa kiwango tu: kuzidisha matarajio, kufikia, kukaribia, au mbali na matarajio. Lakini usidhani haina uzito. Akifika gredi ya tisa, asilimia 20 ya alama yake inatoka KPSEA, 20 inatoka tathmini za shuleni za gredi ya saba na ya nane, na 60 inatoka KJSEA yenyewe, tathmini ya kitaifa ya mwisho wa gredi hiyo ya tisa. Mwalimu mkuu akikwambia "tuliongoza zoni", muulize ni mtihani gani. Mara nyingi ni karatasi iliyonunuliwa kwa wachapishaji, wala si ya KNEC, baraza la mitihani la taifa.

Cha kuomba ni ripoti ya shule ya KPSEA. KNEC huipa kila shule, nayo inaonyesha kila somo na mada ambazo watoto walikwama. Usihesabu waliozidisha matarajio; hao wengi wana mtu wa kuwasaidia nyumbani. Hesabu walio katika viwango viwili vya chini, kwenye Hisabati na Kiingereza.

Katika shule hii Hisabati huyumba gredi ya nne, na sababu si Hisabati. Gredi ya kwanza hadi ya tatu mwalimu anafundisha akichanganya Kiswahili, na nje ya darasa ni Sheng. Gredi ya nne kila kitu kinageuka Kiingereza. Mpe mtoto 24 × 15 atakupigia hesabu bila shida. Igeuze iwe habari ya kreti 15 za soda zenye chupa 24 kila moja, kwa Kiingereza, na nafasi ya jibu inabaki tupu. Shule inasema tatizo ni kuzidisha, kwa hiyo mtoto anaongezewa mazoezi ya kuzidisha ambayo tayari anayajua. Hapo ndipo nusu nyota yangu ilipoenda.

Sasa idadi. Ukutani ofisini mwa mwalimu mkuu kuna chati: gredi, wavulana, wasichana, jumla. Wazazi huitazama jumla tu. Kulinganisha gredi ya kwanza na ya sita za mwaka huu hakukwambii mengi, kwa sababu ni watoto tofauti. Omba chati ya mwaka jana, uweke gredi ya nne ya wakati ule kando ya gredi ya tano ya sasa. Ikiwa imeruka juu, kuna watoto wamemiminika kutoka shule za binafsi baada ya karo kuwashinda wazazi, au kutoka mtaa uliobomolewa. Ikiwa imeshuka, familia zimehama kufuata kodi ya nyumba iliyo nafuu. Eastlands ni mtaa wa wapangaji, mambo haya hayaishi.

Na yanabadilisha matokeo bila mwalimu kubadilika. Chukua mfano wa gredi yenye watoto 70, kati yao 15 wakiwa wageni wa mwaka huo. Wenyeji 40 kati ya 55 wakifikia matarajio, hiyo ni karibu asilimia 73. Wageni wakifikia 4 tu, gredi nzima inasoma 44 kati ya 70, yaani asilimia 63. Mkutanoni utasikia wazazi wakisema shule imezorota. Muulize mwalimu wa darasa kiwango cha wenyeji peke yao. Mwalimu makini anacho.

Madarasa hapa yanapita watoto sitini. Somo la gredi ya nne hadi ya sita ni dakika 35. Vitabu sitini na kitu, hata kwa dakika moja kila kimoja, ni zaidi ya saa nzima ya kusahihisha. Kwa hiyo watoto husahihishana, na alama ya vyema utaiona hata kwenye jibu lililokosewa. Pitia daftari la mtoto mwenyewe. Gredi ya saba hadi ya tisa nazo zimechukua vyumba katika ua huo huo, na ya saba hujaa ghafla kila Januari.

Chakula cha mchana cha Dishi na County, mpango wa kaunti ya Nairobi, kwa shilingi 5 kinafanya kazi vizuri kuliko nilivyotarajia. Kinachosumbua ni bangili ya kielektroniki ambayo mtoto hulipia chakula: mtoto anaipoteza, au mzazi anasahau kuweka pesa.

Usajili ndio wenye kero. Bila cheti cha kuzaliwa mtoto haingii sawasawa kwenye mfumo wa serikali, na asiyehesabiwa hapelekewi mgao wa pesa za serikali. Kiwango rasmi ni shilingi 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, kwa hiyo watoto 10 wasio na vyeti ni shilingi 14,200 ambazo shule inazikosa huku ikiwafundisha.

Ukihamisha mtoto, hakikisha shule ya zamani imemwachilia kwenye mfumo, siyo kukupa barua tu. Ichukue namba yake ya tathmini ya KNEC, anayopewa gredi ya tatu, na uulize kama alama za tathmini za gredi ya nne na ya tano zimeingizwa.  Kama una nafasi ya kuchagua, mhamishe Januari kabla hajaanza gredi ya nne, wakati hana alama za kufuatilia na Kiingereza hakijawa lugha ya kila somo.