Darasa la jioni la Kiingereza mjini Moshi: lipia kabati, vumilia ubao

Kwa miezi mitano nimehudhuria darasa la Kiingereza la watu wazima mjini Moshi, pamoja na wapagazi wenzangu wa mlimani, wahudumu wa hoteli na mama mmoja anayeuza mitumba Mbuyuni. Ada ni shilingi 60,000 kwa mwezi, nami naiona ya haki, ingawa si kwa sababu ya yale yanayofundishwa ubaoni.

Kila wiki tunapewa maneno 30 na tafsiri zake, tunayakariri, kisha tunatahiniwa Ijumaa. Alama zangu zilikuwa nzuri, lakini kufikia Jumatatu nusu ya maneno hayo yalikuwa yameshayeyuka. Kinachostahili ada ni kabati la hadithi nyepesi zilizopangwa kwa ngazi. Neno la Kiingereza lenye maana ya kusita lilinishinda mara tatu katika kukariri. Lilininasa kichwani baada ya kukutana nalo mara saba au nane katika hadithi moja ya mvuvi, kila mara mtu akisita mahali pengine: mlangoni, kwenye bei, kabla ya kujibu.

Mtaalamu wa msamiati Paul Nation, wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba anayetaka kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila msaada anahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000, yaani neno pamoja na jamaa zake, kama sisi tunavyosema soma, msomaji na usomaji. Kwa maneno 30 kwa wiki, hata tusingesahau lolote, safari hiyo ingechukua zaidi ya miaka mitano.

Udhaifu mkubwa ni kusomeshwa kwa sauti kwa zamu. Sisi tuliojifunzia kusoma katika Kiswahili tumezoea herufi zisizodanganya. Tahajia ya Kiingereza hutushughulisha ulimi kiasi kwamba mtu humaliza ukurasa bila kujua umesema nini. Laiti mwalimu angesoma yeye, nasi tukafuatilia kwa macho.

Vitabu vya ngazi za juu ni vinne tu, na kimoja sijawahi kukiona kabatini. Anayetaka kujiunga aombe kwanza kuonyeshwa kabati, achague kitabu ambacho maneno mageni hayazidi mawili au matatu kwa ukurasa, na aulize kama kinaazimwa. Mimi nimelipia hadi Juni, msimu wa mlima utakapoanza.