Pampu ya bluu ya pumu: uzoefu wangu na salbutamol hapa Dodoma

Anayeishi Dodoma na kifua cha pumu analijua vumbi la kiangazi. Upepo wa Juni na Julai ukianza, Nkuhungu nzima inafuka, na mimi ni mwalimu, kwa hiyo juu ya vumbi naongeza chaki. Dawa ninayotembea nayo ni salbutamol ya kuvuta, ile pampu ya bluu: mikrogramu 100 kwa kila mpulizo, mipulizo 200 kwa kopo.

Kwa kazi iliyotengenezewa, naisifu bila kusita. Kifua kikibana na kuanza kupiga filimbi, navuta, na baada ya dakika chache hewa inapita. Nguvu yake hukaa kama saa 4 hadi 6.

Maudhi yake nayo yapo. Mikono inatetemeka. Nikishika chaki muda mfupi baada ya kuvuta, mstari ninaopiga ubaoni unatoka na mawimbi, na watoto wa dawati la mbele wanaona. Moyo unakwenda mbio, mara nyingine kichwa kinagonga. Wengine hukazwa na misuli ya miguu. Sababu ni kwamba dawa inalegeza misuli inayozunguka njia za hewa, lakini kiasi kinachoingia kwenye damu kinagusa pia moyo na misuli mingine. Kwangu hutulia kwenyewe. Lakini moyo ukidunda bila mpangilio au kifua kikiuma, hilo ni la daktari, si la kusubiri.

Mama yangu mdogo wa Kondoa yeye anameza vidonge vya salbutamol, kwa kuwa vinapatikana kirahisi. Kidonge kimoja cha miligramu 4 kina dawa sawa na mipulizo 40! Inapita tumboni, inazunguka mwili mzima, inachelewa kufika kifuani, na mtetemeko wake ni mkubwa kuliko wa pampu. Ndiyo maana wataalamu wanapendelea ya kuvuta.

Kuvuta kwenyewe kuna namna yake. Muuguzi alinisimamisha mbele yake akaniambia, "Mwalimu, tikisa kwanza, toa pumzi yote, halafu bonyeza huku unaanza kuvuta taratibu." Unavuta mpaka mwisho, unabana pumzi hadi sekunde 10, na kabla ya mpulizo wa pili unasubiri nusu dakika au zaidi. Ukiharakisha, dawa inaishia kooni. Kwa mtoto, tumieni chemba ya kuvutia dawa (spacer), chombo kinachochomekwa kwenye mdomo wa pampu. Isipopatikana, chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako kwa kipimo cha mdomo wa pampu inafanya kazi vizuri, mtoto anapumulia upande wa pili.

Linaloniumiza ni watu wanaoishi kwa pampu ya bluu peke yake. Inafungua njia, basi. Uvimbe ulio ndani ya njia hizo haiugusi. Ukiihitaji zaidi ya mara 2 kwa wiki, pumu yako haijadhibitiwa, na anayemaliza makopo 3 au zaidi kwa mwaka yuko kwenye hatari kubwa zaidi ya kubanwa vibaya. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, GINA, unasema watu wazima na vijana wasitibiwe kwa salbutamol pekee. Mimi nina beklometasoni pia, dawa ya kuvuta inayotuliza uvimbe huo, navuta kila siku hata nikiwa mzima, kisha nasukutua mdomo nisipate utando mweupe. Kama una presha na umeandikiwa propranolol, mwambie daktari au mfamasia kwamba una pumu kabla hujaimeza, maana inaweza kubana kifua.

Na ukivuta bila kupata nafuu, ukashindwa kumaliza sentensi, au midomo ikaanza kuwa ya bluu, ni hospitali saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, ukiendelea kuvuta njiani.

Pampu isiachwe ndani ya gari lililoegeshwa juani. Haitakiwi kuzidi nyuzi joto 30, na kopo lina mgandamizo. Yangu inakaa mfuko wa pembeni wa mkoba, na mwalimu wa darasa la jirani anajua ilipo na jinsi ya kunisaidia kuivuta.