MikroTik hAP ax2 kwa wifi ya nyumbani: ulinzi wa uhakika, ila uwe tayari kukaa nayo chini

Wazazi wakiniuliza wanunue rauta gani ili watoto wasikutane na uchafu wa mtandaoni mi nawaambia hii hAP ax2 ya MikroTik, afu hapo hapo nawaambia ukweli kwamba hamna kitufe kimoja cha kulinda watoto ukabonyeza kazi ikaisha, unapanga mwenyewe au unamwita fundi anayeijua. Kwangu ipo sebuleni, Tabata, nimeichomeka kwenye kiboksi cha faiba, na kwa upande wa fayawoli, yaani ukuta unaozuia wasioalikwa wasiingie, na kuzuia saiti nimeridhika nayo sana.

MikroTik ni kampuni ya Latvia, ipo tangu 1996, na hapa mjini rauta zao zimejaa kwenye hoteli, maofisini na kwa wale jamaa wanaouza wifi mtaani, kwa hiyo fundi humkosi. Hii ina poti tano za gigabiti, wifi 6 na RAM ya GB 1. Hiyo RAM ndo iliyonifanya niache ile ndogo ya hAP lite yenye MB 32 tu, sababu utaiona huko chini.

Tuanze na fayawoli. Ukiitoa kwenye boksi tayari ina kanuni za kiwandani na ni nzuri, usizifute. Ukifungua Winbox, programu ya kompyuta ya kuipangia rauta, ukaenda IP kisha Firewall utaona makundi mawili, input ni kwa kinachoigonga rauta yenyewe, forward ni kwa kinachopita kwenda kwenye simu na TV za ndani. Mstari wa kuulinda kama mboni ya jicho ni ule wa mwisho kwenye input, unaotupa kila kitu ambacho hakijatoka upande wa ndani. Pembeni yake kuna namba zinazohesabu pakiti, vile vipande vya data, na kama mtoa huduma wako anakupa IP ya umma, yaani anwani inayofikika toka nje, kaa uziangalie tu, zinapanda zenyewe hata watu wote wakiwa wamelala, hayo ni maroboti yanazunguka mtandao mzima yakijaribu milango ya watu. Fundi akikwambia auzime huo mstari ili awe anaingia akiwa kwake mkatalie kabisa, kuna njia salama kama WireGuard, njia iliyofichwa ya kuingia ukiwa mbali, na imo humo humo ndani. Mwaka 2018 lilionekana tundu kwenye huduma ya Winbox, poti 8291 (hapa poti ni mlango wa namba, si ile ya kuchomeka waya), mtu wa nje alikuwa anaweza kusoma maneno ya siri ya rauta, marekebisho yalitoka Aprili mwaka huo huo ila rauta nyingi hazikuapdetiwa na zikaishia kutumika kuchimba sarafu za kidijitali. Waliokuwa wamefunga hiyo poti kwa nje hawakufikiwa kwa njia hiyo.

Na kanuni zinasomwa toka juu kwenda chini, ukiongeza yako ikakaa chini ya ile inayotupa kila kitu haitafanya kazi na utabaki unalaumu rauta bure.

Sasa kuzuia saiti, hapa ndo wengi wanakwama. Wanataka waandike jina la saiti kwenye kanuni na iishe, lakini saiti karibu zote sa hivi ni HTTPS, rauta haioni yaliyomo ndani, kwa hiyo njia inayofanya kazi vizuri ni DNS, ile huduma inayogeuza jina la saiti kuwa namba ya anwani yake. Mi nimeweka 1.1.1.3 na 1.0.0.3 za Cloudflare, walizianzisha 2020 kwa ajili ya familia, zinazuia saiti za ngono na zenye virusi. Ukitaka na matokeo ya kutafuta Google na YouTube yachujwe kuna CleanBrowsing, 185.228.168.168. Ukishaandika hizo namba nenda kwenye DHCP client, au PPPoE kama ndo unayotumia (ndo njia rauta inavyopata intaneti toka kwa mtoa huduma), utoe tiki kwenye Use Peer DNS, la sivyo rauta itakuwa inauliza na DNS ya mtoa huduma na uchafu unapita kama kawaida, hichi kitu kimewatesa watu wengi mno.

Toka RouterOS 7.15 (RouterOS ni mfumo unaoiendesha rauta) kuna kitu kinaitwa adlist, unaipa linki ya orodha ya majina ya saiti za matangazo na za kitapeli na yenyewe inayanyima majibu. Hapo ndo RAM inapohitajika maana orodha ni ndefu na inabidi uongeze ukubwa wa kashe ya DNS, yaani kumbukumbu yake ya majibu, kwenye hAP lite usijaribu. Magazeti ya mtandaoni yanafunguka chapchap bila yale mapicha ya kamari kurukaruka, na kwangu mimi hilo la kamari ni kubwa kuliko hata la ngono maana vijana wetu wanaumia nalo sana. Matangazo ya ndani ya YouTube hayaondoki, yanatoka kwenye seva zile zile za video.

Afu watoto ni wajanja. Wa kidato cha pili anajua kuandika 8.8.8.8, DNS ya Google, kwenye simu akapita pembeni. Dawa yake ni kanuni mbili kwenye NAT, sehemu ya kugeuza data inakoelekea, dstnat, poti 53 ambayo ndo ya DNS, moja ya UDP moja ya TCP (aina mbili za kusafirisha data), kila linalotoka upande wa ndani lielekezwe kwenye rauta yenyewe, basi hata aandike namba gani anajibiwa na DNS yako. Ongeza kanuni kwenye forward ya kufunga poti 853 kwa sababu Android tangu toleo la 9 ina Private DNS, yaani DNS iliyofichwa inayopita poti hiyo. Kwa Firefox weka jina use-application-dns.net kwenye DNS static lijibiwe NXDOMAIN, yaani jina halipo, ikiona hivyo haiwashi yenyewe DNS yake ya siri. Kama una IPv6, zile anwani za mtandao za aina mpya, haya yote yarudie na huko au uizime. VPN, yaani programu zinazoficha unachofungua, bado zitapenya, na bando la simu halipiti kwenye rauta kabisa, hapo ni wewe na mwanao mkae mzungumze.

Kid Control nayo naipenda, unapanga kila mtoto saa zake kwa siku, kwangu saa 3 usiku intaneti ya watoto inakatika na mama yao hagombani na mtu. Ila simu za sa hivi zinabadilisha anwani ya MAC, ile namba inayokitambulisha kifaa kwenye wifi, kwa hiyo kwenye simu ya mtoto zima hiyo setingi kwa wifi ya nyumbani. Na rauta haina betri ya saa, umeme ukikatika ukirudi inaweza kuwa na tarehe ya ajabu mpaka ipate muda wa mtandaoni, washa NTP client, inayochukua saa toka mtandaoni, mapema la sivyo ratiba inavurugika.

Nisichokipenda ni kwamba menyu zake ni nyingi na zimeandikwa kwa watu wa mitandao, mzazi wa kawaida akifungua Winbox anachoka kabla hajaanza. Kabla ya kugusa kanuni yoyote bonyeza Safe Mode, ukijifungia nje kwa bahati mbaya inarudisha yenyewe ulivyobadilisha.

Ukimaliza yote kazime wifi ya kile kiboksi cha faiba, maana ikibaki hewani watoto watahamia huko siku hiyo hiyo na fayawoli yako itabaki inalinda TV. Na kama unaichukua ya mtumba ifanyie reset, pandisha RouterOS mpaka toleo jipya, pandisha na fimuweya, ile programu ya ndani ya kifaa, chini ya System, RouterBOARD, afu weka neno lako la siri ndo uichomeke kwenye faiba.