Ziara ya majumba ya shamba ya masultani Unguja: Mtoni, Maruhubi na Kidichi

Ukiwa Unguja na una nusu siku ya kutoka nje ya Mji Mkongwe, chukua ziara hii kabla ya ile ya viungo. Nimezifanya zote mbili. Ile ya viungo nililipia kwa kampuni moja ya mjini, na Kidichi tulisimama muda wa kupiga picha tu. Mwongozaji hata garini hakushuka. Safari hii nikatafuta mwongozaji wangu mwenyewe, mtu mzima mwenyeji wa Bububu, nikamwambia mapema kwamba mdalasini na vanila nimeshaviona, ninachotaka ni majumba na bustani zake. Bei ilizidi ya kundi, na sijutii hata senti.

Wengi wakisikia majumba ya masultani, mawazo yanakwenda moja kwa moja Beit el Ajaib pale Forodhani. Lile lilikuwa jumba la kuonyesha enzi. Maisha yenyewe, kuoga, kupunga upepo, kula matunda yakiwa bado na umande, yalikuwa shamba. Na ukitaka kuyaelewa majumba haya ya shamba, fuata maji. Hilo ndilo mwongozaji wangu alilolijua vizuri, na ndilo lililonifanya nimpe nyota tano.

Alianzia Mtoni, kilomita chache kaskazini ya mji, kwa sababu ndilo kongwe kuliko majumba yote ya masultani kisiwani. Alilijenga Sayyid Said bin Sultan, sultani wa Oman na Unguja, kati ya mwaka 1828 na 1832 hivi, pale mto mdogo unapoingia baharini. Fikiria mtu aliyetoka Oman, ambako maji ya falaji, mifereji ya kumwagilia mashamba, hugawanywa kwa zamu na kila mwenye shamba anajua saa yake, halafu anakuta mto unajitiririkia tu hadi pwani. Bila shaka angejenga hapo hapo! Mto ulipitishwa ndani ya jumba, ukajaza mabirika, kisha ukaachiwa uende zake baharini.

Sasa hivi yamebaki magofu, kuta za mawe na chokaa zisizo na paa. Lakini ukisimama katikati ya ua mkubwa na ukasimuliwa vizuri, unauona. Bibi Salme, binti wa Sayyid Said aliyezaliwa hapa tarehe 30 Agosti 1844, ameacha maelezo ya ua huu: tausi, paa na mbuni wakirandaranda, safu ya hamamu, yaani nyumba za kuogea, upande mmoja karibu na michungwa, na watu zaidi ya elfu moja wakiishi humu. Mbele, upande wa bahari, kulikuwa na roshani kubwa ya mbao ya mviringo. Baba yake alikuwa akitembea humo huku na huku, kichwa kainamisha, akichechemea kidogo kwa sababu ya risasi ya vita iliyobaki pajani. Mwongozaji alituonyesha upande roshani ilipokuwa, akatuacha tusimame tuangalie bahari. Sijawahi kupata historia iliyonikaa hivi.

Maruhubi iko karibu zaidi na mji, kwa hiyo tuliipitia wakati wa kurudi, ingawa mimi ningeiweka ya pili. Hili ni la Sayyid Barghash, mwana wa Sayyid Said aliyekuwa sultani baadaye, lilimalizika mwaka 1882, na alilijenga kwa ajili ya mke wake na masuria. Mwaka 1899 liliungua. Kilichokuwa mbao kilikwisha, zikabaki nguzo nene zilizobeba roshani, zimesimama kwa safu na hazibebi kitu. Marumaru za hamamu ziling'olewa zikapotea. Ila mfumo wa maji bado unasomeka: mfereji wa kuleta maji, vyumba vya kuogea, madimbwi yaliyojengewa yakiwa yameota mayungiyungi. Miembe mikubwa ya bustani nayo ipo. Ukuta wa kuzunguka eneo inasemekana Barghash aliuiga kutoka bustani za matajiri alizoziona alipozuru Uingereza mwaka 1875. Kwa Maruhubi, nusu saa inatosha.

Kidichi ndiyo roho ya ziara. Iko ndani ya kisiwa, mbali na pwani, juu kwenye vilima vya mikarafuu, na gari linakata kulia kutoka barabara ya Bububu. Sayyid Said aliijenga hamamu hii mwaka 1850 kwa ajili ya mkewe Shahrazad, mjukuu wa Shah wa Uajemi, wapate pa kuoga na kupumzika wakitoka kuwinda au kukagua mashamba. Kwa nje ni nyeupe, ina makuba, haina madoido. Ndani ni jambo jingine. Waomani wa madhehebu ya Ibadhi kwa kawaida hawapendi urembo mwingi kwenye majengo, lakini hapa plasta imechongwa mitende, maua na ndege, kwa mtindo wa Kiajemi. Bibi yule alikuja na bustani ya kwao na ikapandwa ukutani.

Nilikuwa nimeshainua simu nipige picha, mzee anayetazama mahali pale akanizuia kwa upole: "Mwanangu, ngoja kwanza. Utaona nini na giza hili?" Akawasha tochi, akaiegemeza ukutani mwanga ukapita kwa ubavu. Vivuli vikajitokeza, na pale nilipodhani pana ukuta uliochakaa tu nikaona mkia wa tausi, unyoya kwa unyoya. Juu ya kuba kuna matundu ya duara. Zamani yalikuwa na vioo vya rangi, jua likiingia linatupa rangi sakafuni. Ombeni tochi, ndugu zangu. Bila tochi hamtaona lolote.

Kilichoniuma ni unyevu. Kuvu imeshika plasta sehemu nyingi, na kila masika inakula zaidi. Kazi ya mikono ya namna hii ikidondoka hairudi, na ningelipa kiingilio mara tatu kama ningejua fedha inakwenda kwenye chokaa na fundi anayejua kazi.

Jambo jingine lililonifanya nimwamini mwongozaji: hakuruka habari za watumwa. Mikarafuu tuliyopita katikati yake ilipandwa na kuchumwa na watumwa, na waliochota maji na kuchochea moto chini ya sakafu za hamamu hizi ni wao. Kuna waongozaji wanaosimulia bibi wa Kiajemi na manukato tu, basi. Muulize wako mapema atasimulia nini.

Kwa wanaojitegemea: daladala za Bububu kutoka Darajani zinapita mbele ya Maruhubi na Mtoni, ila Kidichi itabidi uchukue bodaboda au gari kutoka Bububu. Nendeni asubuhi, jua likiwa bado la pembeni. Vaeni viatu vya kufunga, maana Mtoni kuna mawe yaliyolegea, na kwa kuwa mnapita vijijini, nguo za heshima. Mkiwa na watoto, anzeni na Mtoni. Hadithi ya tausi na mbuni itawashikilia hadi Kidichi.