Bendera ya kushonwa kwa hija ya Namugongo: uzoefu wangu

Kama jumuiya yenu inajiandaa kwenda Namugongo, mahali pa hija ya Mashahidi wa Uganda karibu na Kampala, Juni 3 na bado mnabishana kama mchapishe bango la plastiki au mshonewe bendera ya kitambaa, mimi nasema shonesheni, hata kama itabidi mchange tangu Krismasi. Sisi Waswahili wa parokia moja hapa Kampala tumebeba vyote viwili.

Bango lina sifa zake. Nasser Road, mtaa wa wachapaji hapa Kampala, wanakuchapia upesi, bei nafuu, rangi kali. La kufunga getini halina shida. Lakini maandamano ni mwendo. Tulipofika mahali pa wazi baada ya Kyaliwajjala, karibu na Namugongo, lilijaa upepo kama tanga, na kijana aliyelibeba akawa anapigana nalo badala ya kusali. Jua lilipopanda, plastiki ikang'aa hata waliotembea kando hawakuuona uso wa shahidi Karoli Lwanga. Baada ya kukunjwa kwa safari ya kurudi, lilibaki na mistari myeupe usoni pa mtakatifu. Hilo liliniuma.

Bendera ya sasa tulishonewa na mama mmoja wa mtaa wa Kiyembe hapa Kampala anayeshona mavazi ya mapadre. Mbele ni satini nzito nyekundu, rangi ya mashahidi, nyuma pamba nyeupe, na katikati kile kitambaa kigumu cha kutilia kola. Picha hakuichapa. Alikata vipande vya vitambaa, akavishonea juu ya satini, kisha akadarizi macho, ndimi za moto na tawi la mtende kwa uzi wa dhahabu. Pembezoni aliweka majina ya mashahidi wote 22 waliotangazwa watakatifu na Papa Paulo VI Oktoba 18, 1964. Kabla hajatia sindano alinipa karatasi nihakiki jina moja moja: Matia Mulumba, Ponsiano Ngondwe, Andrea Kaggwa, Kizito, mpaka mwisho. Fundi anayejali jina la shahidi kiasi hicho, mpe kazi.

Chini aliikata ncha tatu na kuzitia matamvua. Ncha zinaupa upepo njia, matamvua yanaivuta bendera ibaki imenyooka.

Ubebaji ndio ulionifurahisha kuliko vyote. Mti wake ni mwanzi mkavu wa vipande viwili vinavyoungana kwa bomba fupi la chuma, kwa hiyo unaingia kwenye teksi. Mbebaji wa kati huvaa mkanda wa ngozi wenye kikombe mbele, kitako cha mti kinakaa humo, uzito unakwenda mabegani. Wawili wa pembeni hushika kamba zinazotoka kwenye ncha za mti wa juu. Mama mmoja wa makamo aliibeba mwendo mrefu huku anaongoza rozari. Njiani mzee wa Kikongo ambaye hatukumjua alisogea, akagusa matamvua, akafanya ishara ya msalaba, akaungana nasi. Tunapita barabara ya kuelekea mahali ambapo Lwanga alichomwa moto Juni 3, 1886 kwa amri ya Kabaka Mwanga, mfalme wa Buganda. Kinachotangulia watu kwenye njia hiyo kinastahili kazi ya mikono.

Kasoro ipo. Mvua ilitunyeshea, na matamvua mekundu yakachuja rangi kwenye pamba nyeupe ya nyuma. Fundi aliyabadilisha bila kutudai kitu, ila doa halikutoka lote. Mwambieni aloweke kipande cha kila kitambaa na kila uzi kwenye maji kabla ya kushona. Bei nayo si ndogo: tulilipa shilingi 450,000, nusu kwanza, mkanda wa ngozi mbali.

Na msingoje Mei. Wakati huo mafundi wa mambo ya kanisa wanazidiwa, maana Waanglikana nao wana hija yao hapo hapo Namugongo siku hiyo hiyo, na akina mama wa Mothers' Union huagiza bendera zao kwa mafundi hao hao. Sisi tulipeleka kitambaa Machi, tukapata nafasi ya kurudi mara kadhaa kutazama kazi inavyokwenda na kurekebisha uso wa Lwanga uliokuwa umetoka wa kizee mno.

Sasa tumeagiza ya pili, nyeupe, kwa maandamano ya Ekaristi. Matamvua yake ni ya uzi wa dhahabu, na tayari yameshalowekwa.