Liege & Lief ya Fairport Convention: santuri ya mtumba niliyouziwa na mkwaruzo wake

Nilitoa pauni 18 kwa santuri hii, kwa muuzaji wa mtandaoni aliyeniapia kwamba haina hata alama. Inayo. Upande wa pili, katikati ya wimbo wa Tam Lin, sindano inaruka palepale msichana Janet anapomng'ang'ania mpenzi wake asichukuliwe na malkia wa majini. Dakika saba za hadithi, na mimi sijui walimalizana vipi! Hilo nitalirudia. Kwanza muziki wenyewe, maana kwa muziki sina malalamiko mengi.

Fairport Convention ni kundi lililoanza mwaka 1967 kule Muswell Hill, kaskazini mwa London. Jina walilitoa kwenye nyumba iliyoitwa Fairport, alikokuwa anaishi mpiga gitaa Simon Nicol na wenzake wakienda kufanya mazoezi. Mwanzoni walipenda sana nyimbo za Wamarekani. Walizipiga vizuri, ila ni kama kijana wa Tanga anayeimba Kilingala: matamshi yote sahihi, na bado unajua si kwao.

Kilichowageuza ni msiba. Alfajiri ya tarehe 12 Mei 1969, wakirudi London kutoka kupiga Birmingham, gari lao lilipata ajali kwenye barabara kuu ya M1. Mpiga dramu wao, Martin Lamble, alifariki akiwa na miaka 19, pamoja na mpenzi wa Richard Thompson, mpiga gitaa. Waliopona hawakuwa na moyo wa kuzirudia nyimbo walizokuwa wakipiga na Martin. Kiangazi hicho wakahamia kwenye nyumba moja Farley Chamberlayne, kijiji huko Hampshire, wakiwa na mpiga dramu mpya, Dave Mattacks, na Dave Swarbrick wa fidla. Ashley Hutchings, mpiga besi, akawa haishi kwenda maktaba ya Cecil Sharp House kufukua nyimbo za kale za Kiingereza. Sandy Denny, mwimbaji, nyingi alikuwa anazijua tayari kutoka vilabu vya muziki wa asili. Desemba mwaka huohuo santuri ikatoka.

Shangazi yangu alikuwa amekuja kutoka Tanga nilipoiweka mara ya kwanza. Yeye ni mtu wa taarab, Kiingereza chake cha kuombea maji. Ulipofika wimbo wa Matty Groves, akaweka kikombe chini. "Huyu mwanamke anasimulia jambo. Hebu nitafsirie, baba."

Nikawa namtafsiria papo kwa papo. Mke wa bwana mkubwa anamwona kijana kanisani siku ya sikukuu, anamwambia twende kwangu, mume hayupo. Mtumishi anasikia, anakimbia, anafika mtoni, anavua viatu na kuogelea kwenda kumwambia bwana wake. ("Mmbea huyo! Kimemuuma nini?") Bwana anarudi, anawakuta kitandani. Anamwambia kijana avae nguo, nisije nikasemwa nimeua mtu uchi. Ana panga mbili, na iliyo bora anampa kijana. Anamuua hata hivyo, kisha anamkalisha mkewe magotini na kumuuliza, sasa unampenda nani? Mke anamjibu bila kupepesa kwamba heri huyu maiti. Naye anauawa.

Shangazi alikaa kimya. Gitaa na fidla zikachukua nafasi, zikawa zinakimbizana dakika kadhaa mpaka mwisho. Ndipo akasema, "Hii ni utenzi, ila wamewasha umeme."

Sijasikia uhakiki bora kuliko huo. Beti fupifupi, lahani ileile ikirudi, na mwimbaji halii wala hapigi kelele. Sandy anasimulia mauaji kwa sauti ya mtu anayekutajia bei ya nyanya. Wazee wa muziki wa asili wa Uingereza walikuwapo walionung'unikia gitaa la umeme. Sisi tuliokulia Tanga, ambako gitaa hilo liliingia kwenye taarab zamani, tunashangaa tu ugomvi ulikuwa wa nini.

Si nyimbo zote nane za kale; tatu wametunga wenyewe. Farewell, Farewell ni maneno ya Thompson juu ya lahani ya zamani, na kwa kuwa yametoka kwa mtu aliyezika mpenzi miezi michache nyuma, siwezi kuisikiliza nikiwa na kazi nyingine mkononi. Come All Ye ni ya kukaribisha wageni tu, nairuka. Mkusanyiko wa ngoma za fidla upande wa pili ni mtamu ukiwa unafagia nyumba.

Kundi lenyewe halikudumu. Kabla santuri haijafika madukani, Hutchings na Sandy walishaondoka: Hutchings alitaka nyimbo za kale zaidi akaanzisha Steeleye Span, Sandy alitaka kuimba zake. Alifariki mwaka 1978, ana miaka 31.

Jalada ni la zambarau lenye sura zao ndani ya viduara, na ukilifungua kuna picha na maelezo ya mila za vijijini na watu waliokusanya nyimbo hizi. Langu lina doa la chai, halinisumbui.

Muuzaji nilimwandikia mara tatu, akanirudishia pauni 6 bila neno. Muziki nyota 5, yeye 2. Ukiinunua ya mtumba, omba picha ya upande wa pili chini ya taa kali, na uangalie wimbo wa tatu kutoka ukingoni. Hapo ndipo Tam Lin ilipo.